Nje ya Ua wa Makuti

Mimi ni fundi wa friji na mashine za barafu, na miradi siipendi. Nasema mapema ili msomaji asitegemee upole kwangu. Nimeiona miradi ikishuka pwani hii, toka Kinjumbi hadi Kiswere, inakuja na fulana na kuondoka na picha, na katikati kuna chai ya saa nne. Kina mama wanafundishwa kutengeneza sabuni ambayo hata wao wenyewe hawaogei, wanapigiwa makofi, kisha kesho yake wanarudi ufukweni kuparua magamba ya samaki wa watu.

Nilipoitwa Kiswere kufundisha nilikwenda kwa sababu moja tu: mashine ilikuwa ya kweli. Ndani ya ghala la zamani la korosho walikuwa wameweka mashine ya kugandisha barafu, samaki wasiozee njiani. Walikuwa wamekwisha kuwafundisha wanaume kabla yangu. Wanaume wale walipojua kazi waliondoka kwenda Dar es Salaam, na spana wakaondoka nazo. Ndipo mradi ukakumbuka kwamba duniani kuna wanawake. Mpango ulikuwa kwamba mtahini atakuja kutoka Lindi, atakayefaulu apewe kazi kwenye mashine, na atakayeshindwa arudi kwenye magamba.

Darasa langu lilikuwa la wanawake wa hapo na wa mashambani, walioishia darasa la saba au njiani kuelekea huko. Wengine walikuwa na wajukuu. Na kulikuwa na mmoja wa kutoka Msumbiji.

Huyo alivuka Ruvuma na mtoto mgongoni baada ya kijiji chao kuchomwa moto. Kiswere alikuwa amekaa miaka, lakini watu waliendelea kumwita "yule Mmawia", jina la watu wa ng'ambo ya Ruvuma, ambalo huku hutamkwa kama mtu anayetema kokwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwenye harusi aliitwa kuchota maji, hakuitwa kutwanga. Kwenye msiba wa mwanamke alikaa uani na watoto, wenzake wakiingia kumwosha maiti. Siku ya kwanza ya mafunzo alinifuata nje akaniambia jambo lake lote kwa mara moja.

"Mwalimu, mimi naitaka ile kazi ya mashine. Kwenye magamba, akija mwenyeji naambiwa nipishe. Kwenye mashine, anayejua ndiye anayekaa."

Nilimpenda kwa neno hilo. Ni neno ambalo ningelisema mimi.

Wenzake walikuwa balaa. Nilifundisha kama mtu anayehutubia magunia. Nikiuliza, wanatazama chini. Nikifoka, wanaitabasamia sakafu. Nikimsimamisha mmoja anieleze kompresa inafanya nini, anavuta upindo wa kanga anauuma. Nilirudi nyumba niliyopangiwa nikiwa nimekauka koo, nikajisemea kwamba watu hawa wanastahili sabuni zao.

Afisa wa mradi alikuwa kijana wa Dar, amevaa viatu vyenye ncha kwenye mchanga wa Kiswere, na aliwasalimu watu wazima "Mambo vipi, mama?" Wanawake wangu aliwaita wanufaika, ingawa mpaka siku hiyo hapakuwa na aliyekuwa amenufaika na chochote zaidi ya maandazi. Aliposikia hawasemi darasani akasema tatizo ni mbinu, zinatakiwa mbinu shirikishi. Akaenda bara kwenye mikorosho akamleta kungwi.

Kungwi, kwa asiyejua, ndiye anayewafunda wasichana unyagoni. Huyu alikuwa maarufu. Alishuka kwenye bodaboda alikokaa upande, mwili mkubwa, ugoro puani, akalizunguka ghala na mashine kabla ya kutoa salamu kwa yeyote. Kisha akasimama mbele yangu. Nikamwamkia, akaitikia.

"Wewe mwenyeji wa huku?"

"Ndiyo, mama. Wa bara ya Kilwa, milimani."

"Ulichezwa wapi?"

"Sikuchezwa."

Baba yangu alikuwa katekista. Alisema ngoma zile za unyago ni za shetani, akanipeleka bweni kwa masista wakati wenzangu wanaingizwa ndani. Wakati huo nilijiona nimeokoka, na nimeendelea kujiona hivyo kwa muda mrefu.

"Msungo," akasema kungwi. Msungo ni mwanamke ambaye hakuchezwa. Hakulitamka kwa matusi, alilitamka kama mtu anayesoma maandishi kwenye kopo. "Msungo ndiye anayewafundisha watu wazima. Haya."

Akaagiza makuti. Pembe moja ya ghala ikazungushiwa ua, wanawake wakaingizwa humo, akawatangazia kwamba kuanzia siku ile wao ni wali, hata wenye wajukuu, kwa sababu mtu asiyejua jambo ni mwali wa jambo hilo. Na mwali yuko ndani. Anachofundwa ndani hakitoi nje, na mbele ya mwanamume asiye wake hafungui kinywa, mpaka kungwi aliyemwingiza aje amtoe kwa ngoma na unga. Alisema yote hayo waziwazi, kwa sauti, na afisa akiwa pale pale.

"Safi sana, mama!" afisa alisema, anapiga picha. "Hii ndiyo jamii yenyewe!"

Maneno hakuyasikia. Alikuwa anatafuta mwanga.

Ikawa asubuhi nafundisha mimi, na alasiri wanaingia uani na kungwi. Siku ya kwanza yule wa Msumbiji alikwenda na wenzake hadi mlangoni, kungwi akamwekea mkono.

"Wewe umechezwa wapi?"

"Kwetu, mama. Ng'ambo."

"Ngoma ya ng'ambo siijui ilivyopigwa. Kaa na msungo."

Basi tukakaa, mimi kwenye kigoda, yeye kwenye ndoo iliyofudikizwa, migongo yetu karibu na makuti. Ndani ngoma ikaanza, na baada ya ngoma, kicheko. Wale wale waliokuwa hawakohoi mbele yangu walikuwa wanacheka mpaka wanapiga mapaja.

"Wanacheka nini?" akaniuliza.

"Upumbavu," nikamwambia.

Na ulikuwa upumbavu kweli, kwa masikio ya mtu aliyesoma. Somo langu la kompresa lilikuwa limegeuzwa mambo ya mume na mke. Kulikuwa na anayesukuma na anayepokea, kulikuwa na joto la mgongoni na baridi ya tumboni, na kulikuwa na mke mvivu asiyefagia mlango wake mpaka mume akaungua kwa hasira. Mengine siwezi kuyaandika, baba yangu angefufuka. Masista walinifunza kwamba elimu ni kitu kisafi, na mimi nilikaa nikisikia elimu yangu inavuliwa nguo.

Kesho yake nikawauliza nini hutokea kondensa, ile sehemu ya nyuma inayotoa joto, ikijaa vumbi na chumvi ya bahari. Hawakusema neno, lakini mmoja aliinuka, akaenda nyuma ya mashine akachukua brashi, akaanza kufagia mahali panapotakiwa, na wenzake wakaziba midomo kwa kicheko. Lilikuwa jibu sahihi. Nilikasirika siku nzima. Hata kasuku, nilijiambia, ukimfundisha kwa wimbo atashika.

Yule wa Msumbiji nilimfundisha kwa njia ya watu wenye akili. Nje pale, alasiri zote, kwa vipande vya bomba na geji ya kupimia gesi mikononi, nilimweleza na yeye akauliza. Aliuliza mpaka nikachoka. Kwa nini gesi ikibanwa hupata joto? Inatoroka wapi? Nitajuaje nisipoiona? Hakuna mwanafunzi aliyewahi kunipa raha kama ile, na nilikwisha kuamua kwamba mashine ile ni yake. Nilikuwa nikimwona akiwa peke yake mle ghalani, na funguo kiunoni, wale wacheka ovyo wakipita nje na beseni zao za samaki.

Kilichoniudhi kwake ni kimoja. Ngoma ikianza alikuwa anageuza sikio. Swali lake linakatikia njiani, midomo inacheza kidogo, inafuata wimbo.

"Achana nao," namwambia.

"Ndiyo, mwalimu," anaitikia, na sikio analiacha kule kule.

Mafunzo yakafika mwisho. Kungwi alitazamia kuja kuwatoa wali wake, kama desturi. Lakini mradi ulikuwa umeamua kwamba sherehe ya kufunga ifanyike hotelini Dar es Salaam, pamoja na wageni wa heshima. Picha ya wanawake wangu ilikwenda, kubwa, kwenye bango. Wenyewe hawakwenda, gari halikuwa na nafasi. Kungwi alipelekewa ujumbe kwenye simu ya jirani kwamba huduma yake imekwisha na anashukuriwa. Hakujibu. Mimi nilicheka, nikadhani ngoma imetuondokea salama.

Mtahini alikuja asubuhi moja na gari lake kutoka Lindi, mwanamume nadhifu mwenye haraka, mkoba kwapani. Utaratibu ulikuwa maswali ya mdomo, na anayejibu ndiye anayeruhusiwa kuishika mashine. Akamwita mama wa kwanza.

"Mashine inanguruma lakini maji hayagandi. Unaanza kuangalia wapi?"

Mama akavuta kanga akajifunika mdomo, macho chini. Mtahini akangoja. Akarudia kwa upole, akarudia bila upole. Akamwita wa pili, akapata kanga nyingine mdomoni. Wa tatu vile vile.

"Mwalimu," akaniambia, "hawa ulikuwa unawafundisha nini?"

"Wanufaika wana aibu kidogo," afisa akadakia.

Nikamsogelea mama mtu mzima kuliko wote, nikamwuliza chini chini wana nini. Alinishangaa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hali mchana wa Ramadhani.

"Mwalimu, sisi si bado tuko ndani? Hajaja kututoa."

Nilipomweleza afisa, alicheka. Kisha aliona sicheki. "Si uwaambie tu kwamba wamemaliza?"

"Uliwaingiza wewe?" nikamwuliza. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyesoma mambo ya jamii chuo kikuu, yaani hakuelewa kitu.

Mtahini alikuwa amekwisha kufika kwa yule wa Msumbiji. Huyu hakuingizwa. Kinywa chake kilikuwa huru, ghala zima lilijua, na kichwani mwake mlikuwa na kila kitu nilichonacho. Alikuwa ajibu tu, kazi iwe yake na hakuna mwingine. Nilikuwa tayari kutabasamu.

Mtahini akauliza. Yeye akanitazama mimi, akawatazama wenzake waliopanga mstari ukutani, ambao hawakuwa wanamtazama. Kisha akavuta upindo wa kanga akaziba mdomo.

Nilimfuata, sikujali mtahini. "Wewe hukuingizwa! Jibu! Kazi inakuponyoka hivi hivi."

Akanijibu ndani ya kanga, polepole. "Mwalimu, nikisema peke yangu, nitafanya kazi peke yangu."

"Basi fanya peke yako! Mimi miaka yote nimefanya peke yangu!"

"Ndiyo, mwalimu," akasema. "Naona."

Nikamwacha. Nilimdharau wakati ule kuliko nilivyowadharau wote, kwa sababu wao walikuwa hawajui wanachokitupa.

Mtahini alikubali kusubiri mpaka swala ya adhuhuri ipite, si zaidi. Afisa akapanda bodaboda kwenda kwa kungwi, nami nikapanda nyingine nyuma yake, maana nilijua akifika peke yake atamwambia "Mambo vipi."

Na alimwambia. Kungwi alikuwa kibarazani anabangua korosho, hakuinua hata kichwa. Afisa akarudia. Kungwi akapasua korosho nyingine.

"Piga magoti," nikamwambia.

"Hapa?"

Alipiga magoti pale pale kwenye maganda, suruali yake nzuri ikifyonza mafuta ya korosho, yasiyotoka kwa sabuni yoyote, hata ile ya miradi. Sikumwonea huruma hata kidogo.

"Shikamoo, mama."

Kungwi akamaliza korosho aliyokuwa nayo mkononi, akaitazama, akaila. "Marahaba. Si ulinitumia simu kwamba nimekwisha? Aliyekwisha anatafutwa na nani?"

Kijana akaomba radhi kwa maneno marefu ya ofisini, yaliyojaa changamoto na wadau. Kungwi akamkatisha. "Nyamaza. Nakuja, ila siji kwa ajili yako. Wali hawaachwi ndani kwa kosa la mjinga mmoja." Akaingia ndani kuchukua unga.

Ghalani alipofika hakumwamkua mtahini wala hakumweleza. Ngoma ikapigwa, fupi. Akawaingiza uani, akawa anawatoa mmoja mmoja: unga wa mtama kwenye paji la uso, neno sikioni, kisha mwali anapaza sauti anajibu, na anatoka. Mtahini alikuwa amekaa mlangoni na saa yake mkononi. Kila aliyetoka, akamwuliza. Na wakajibu. Walijibu kwa sauti nene zenye kujiamini ambazo sikuwahi kuzisikia, tangu umeme hadi feni, hadi mlango wa kufagiwa, na mtahini akawa anaandika tu. Wawili walishindwa, na walistahili kushindwa.

Wa Msumbiji alikuwa nje, kwenye ndoo yake. Wa mwisho alipotoka, kungwi akasimama kwenye uwazi wa makuti na bakuli mkononi, akamtazama. Mtahini alikwisha kufunga mkoba.

"Huyu aliulizwa?" kungwi akawauliza wanawake.

"Aliulizwa, mama."

"Kinywa chake nilikifunga mimi?"

"Hukukifunga."

"Akasema?"

Yule mama mtu mzima ndiye aliyejibu. "Hakusema. Alinyamaza na sisi."

Kungwi akamwita kwa kidole. Akamwingiza uani, na mle ndani sikuona kitu, nilisikia ngoma tu, na wenzake waliokwisha kutoka wakaimba kutoka nje. Alipotokea alikuwa na unga kwenye paji la uso na kwenye mashavu yote mawili, mwingi kuliko wa mwingine yeyote.

Mtahini alikuwa amesimama, mguu mmoja nje. "Swali moja tu, mama, mimi naondoka. Gesi imepungua kwenye mashine. Utajuaje inatokea wapi?"

"Inaacha mafuta pale inapotokea," akasema. "Napafuta kwa kitambaa, napaka povu la sabuni, nakaa kimya natazama. Povu litavimba lenyewe."

Mtahini akaandika, akaondoka. Wanawake walimzunguka, wakampigia vigelegele, na unga ukawa unahamia kwenye nyuso zao. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ndoo. Kungwi alinipita akifuta vidole kwenye kanga yake.

"Msungo, kaa kivulini," akaniambia. "Jua kali."

Mashine inafanya kazi mpaka leo. Mradi ulikwisha kuhamia kwingine, nasikia kule wanafundisha ufugaji nyuki, na afisa amepandishwa cheo kwa ubunifu wa mbinu zake za kimila. Ripoti yake nilionyeshwa. Ina picha ya ua, na kungwi ametajwa kuwa "mzee maarufu wa kijiji". Magoti hayakutajwa.

Mara chache napita Kiswere kupeleka vipuri. Ua wa makuti hawakuuondoa. Wakimaliza kufagia chumvi kwenye mashine alasiri wanajikusanya humo, na ukishuka kwenye gari unakisikia kicheko kabla hujaliona ghala. Mara ya mwisho nilikifuata moja kwa moja. Mimi ndiye niliyewafundisha, sikuona sababu ya kubisha hodi.

Aliyeinuka kunizuia mlangoni ni yule wa Msumbiji. Amenenepa, spana ameipachika kwenye fundo la kanga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mnacheka nini?"

Akageuka akawatazama wenzake, wenzake wakaziba midomo. Kisha akanigeukia, na usoni mwake nikaona huruma ya kweli, kitu ambacho sijamwomba mtu tangu nizaliwe.

"Upumbavu, mwalimu," akasema, akanifudikizia ndoo nikae.